Upepo wa baharini ni bure, mbona mnada wa 2023 ulikosa hata mzabuni mmoja?

mpenda_hesabu:
Wakuu, kuna jambo haliniingii akilini. Shirika la Kimataifa la Nishati lilisema mwaka 2019 kwamba upepo wa baharini duniani unaweza kutoa zaidi ya terawati-saa 420,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya mara 18 ya umeme wote uliohitajika wakati huo. Mwaka huohuo, kwenye mnada wa Uingereza, ambapo kampuni hushindana kutaja bei ya chini ya kuuza umeme wake, kampuni zilishuka hadi pauni 39.65 kwa megawati-saa (kwa bei za 2012). Ikaja 2023, kikomo cha bei kikawekwa pauni 44, na hakuna mradi hata mmoja wa baharini uliojitokeza. Upepo umepanda bei?

fundi_mnarani:
Mkuu, kilichopanda ni pesa yenyewe. Mtambo wa gesi hulipia gesi kadiri unavyowaka. Baharini unalipia karibu kila kitu kabla panga halijazunguka hata mara moja: nguzo, mnara, kebo, meli ya kreni. Pesa hiyo ni mkopo. Piga hesabu ya miaka 25: kwa riba ya asilimia 3, kila 100 uliyokopa unarudisha kama 5.7 kwa mwaka. Kwa asilimia 7, unarudisha 8.6. Nusu nzima imeongezeka na upepo ni uleule! Ongeza na chuma kupanda. Julai 2023 kampuni ya nishati ya Sweden, Vattenfall, ilisimamisha mradi wake wa baharini Uingereza, Norfolk Boreas, ikisema gharama zimepanda hadi asilimia 40. Kikomo kilipopandishwa hadi pauni 73, watu wakarudi mnadani 2024.

Halafu kuna matengenezo, ambayo ndiyo kazi yangu. Mawimbi yakizidi mita moja na nusu hivi, boti haisogelei ngazi ya mnara. Kuna safari tulikaa siku tisa tukicheza karata kwa sababu ya kihisio kimoja kidogo kilichogoma. Mtambo umesimama, na nje upepo unavuma wa kutamanisha. Siku nzuri za kuzalisha ndizo siku mbaya za kutengeneza.

mpenda_hesabu:
Sasa si bora kubaki nchi kavu?

fundi_mnarani:
Baharini upepo huwa na kasi zaidi, na nguvu ya upepo hufuata mchemraba wa kasi. Kwa mita 7 kwa sekunde, 7 × 7 × 7 unapata 343; kwa mita 10, 10 × 10 × 10 unapata 1,000. Tofauti ya kasi ni ndogo, ya nguvu ni karibu mara tatu. Ndiyo maana watu wanavumilia chumvi.

kina_kirefu:
Mimi nina neno na hiyo "mara 18". Nguzo ya kusimika sakafuni inaishia kwenye kina cha mita 60 hivi. Ukichukua maji ya kina hicho tu, ndani ya kilomita 60 kutoka ufukweni, zile 420,000 zinabaki kama 36,000. Bado zinazidi mahitaji ya wakati ule, sikatai, lakini sehemu kubwa ya utajiri huo inataka mitambo inayoelea. Na ukiona vyaelea, vimeundwa: boya kubwa la chuma, minyororo, nanga, kebo inayostahimili kuyumba. Hywind Scotland, shamba la mitambo inayoelea la 2017, ilithibitisha kwamba inawezekana, ikazalisha zaidi ya nusu ya uwezo wake. Ila ni mitambo mitano tu ya megawati 6. Shamba la kwanza kabisa la upepo baharini, Vindeby la Denmark, 1991, lilikuwa na mitambo 11 ya kilowati 450, na Hornsea 2 ya Uingereza leo ina 165 ya megawati 8. Vinavyoelea bado viko karibu na Vindeby kuliko Hornsea.

Tena mitambo huibiana upepo. Ukiibananisha, ya nyuma inapata makombo.

mpenda_hesabu:
Nimeelewa, asanteni. Fundi, zile siku tisa za karata nani alilipa?

fundi_mnarani:
Mwenye mradi. Meli hukodishwa kwa siku, iwe imefanya kazi au imelala. Wenye uzoefu huziweka siku za kusubiri kwenye hesabu kabla hawajaingia mnadani.