Mrejesho: familia ya fundi wa reli wa Altoona

Asanteni sana, wakuu. Niliuliza nianzie wapi kuitafuta familia ya mume wangu. Baba wa babu yake alikuwa fundi boila kwenye karakana za kampuni ya reli ya Pennsylvania Railroad mjini Altoona, Marekani, na sensa ya Marekani ya 1890 karibu yote iliharibiwa na moto wa 1921. Mlinishauri nianze na ile ya 1950, ambayo kumbukumbu zake zilifunguliwa kwa umma 2022 baada ya kufungwa miaka 72, kisha nirudi nyuma. Nimewapata!

Kwenye sensa ya 1930 kuna herufi R: wana redio. 1920 nyumba ni yao, ila ina mkopo. 1910 wamepanga, na humo humo wanawalaza kwa malipo vijana wawili wa breki za treni.

Ukurasa ulioniliza ni wa 1900. Mama wa familia hiyo aliulizwa amezaa watoto wangapi na walio hai ni wangapi. Karani kaandika 7, kisha 4. Hao watatu waliofariki pengine walikuwamo kwenye ile sensa ya 1890 iliyoungua. Baba mkwe hakuwahi hata kusikia habari zao. Sasa naliandikia kanisa la mtaa wao, niulizie vitabu vya ubatizo na mazishi.