Chama chetu kinataka kwenda kuteleza kwenye theluji Alps, kisha mjini. Tuanzie wapi?

Nyar_Dunga, Kisumu
Hamjambo wadau. Sisi ni chama cha walimu wa kike hapa Kisumu. Tumeweka akiba kwa muda mrefu, na Januari tunataka wiki moja ya skii kwenye milima ya Alps, halafu siku chache za kutembea mjini. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga theluji. Shangazi yangu amestaafu na goti linamsumbua, lakini hatumwachi. Wengi wanataka Chamonix kisha Paris kwa sababu ndiyo majina wanayoyajua. Mimi nataka mahali tutakapokuwa pamoja. Mnashauri nini?

Wa_Section58, Nakuru
Dada, hilo la kuwa pamoja lishikilie. Nilisoma Grenoble, Ufaransa, na majira ya baridi wikendi zangu ziliishia milimani.

Chamonix ni pazuri ajabu, mlima Mont Blanc uko juu ya kichwa chako. Lakini viwanja vyake vya kuteleza vimetawanyika bondeni, mnavifikia kwa basi, na vingi vinawafaa waliokwisha kuzoea. Kundi la wanaoanza litagawanyika mapema. Mimi ningewapeleka La Plagne, nayo iko kwenye Alps za Ufaransa. Vijiji vyake vya juu vimejengwa palepale kwenye theluji, na miteremko ya kijani na ya samawati, ile rahisi, ni mingi. Plagne Centre iko karibu mita 2,000, juu kidogo kuliko kwetu Nakuru, kwa hiyo nyinyi wa ziwani mtahema siku ya kwanza. Msijikaze.

Fedha ziwekeni kwa mwalimu. Asubuhi zote za mwanzo, kundi zima, mwalimu mmoja. Skii, viatu na helmeti mtakodi hukohuko.

Shangazi asiachwe chumbani! Lifti, yaani viti na vibanda vya kamba vinavyopandisha watu mlimani, zina tiketi za watembea kwa miguu, na kuna njia za theluji iliyoshindiliwa. Mkutane naye mkahawani juu mlimani wakati wa chakula cha mchana, kila siku.

Januari mmechagua vyema. Februari shule za Ufaransa hufungwa, bei hupanda na foleni za lifti huwa ndefu. Nyumba nyingi hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi.

Msafiri_Kakamega
Niongeze la viza. Kila mmoja anaomba yake hata mkisafiri kama kundi, na alama za vidole mtaenda kutoa Nairobi. Ombeni kwa nchi mtakayolala usiku mwingi zaidi, hapa ni Ufaransa. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Bima lazima ifikie yuro 30,000, ila isomeni yote, maana nyingi hazigusi skii. Ufaransa, aliyeumia mteremkoni anaweza kudaiwa gharama za kuokolewa.

Wa_Section58, Nakuru
Kweli kabisa. Hata pale mnaponunua tiketi za lifti huuzwa bima ya siku kwa yuro chache. Kila mtu achukue, shangazi pia.

Nyar_Dunga, Kisumu
Asanteni sana. Nguo je? Na kama si Paris, mji upi?

Wa_Section58, Nakuru
Anzeni kupitia mitumba ya Kibuye mapema, mkitafuta jaketi na suruali zisizopitisha maji. Jinzi na fulana za pamba ziacheni, zikilowa hazikauki na baridi inaingia. Miwani ya theluji na mafuta ya kujikinga na jua ni lazima. Jua likigonga theluji linachoma hata ngozi yetu.

Mji ni Lyon. Mnashuka kwa basi hadi stesheni ya Aime, kisha treni kupitia Chambéry. Miguu itakuwa imechoka, na katikati ya Lyon ni tambarare, kati ya mito Rhône na Saône. Kilima cha Fourvière mnakipanda kwa treni inayovutwa kwa kamba, na juu kuna kanisa kubwa na magofu ya ukumbi wa maigizo wa Warumi. Vieux Lyon, yaani mji wa kale, nendeni taratibu: kuna vichochoro vinavyopita ndani ya majumba na kukutoa mtaa wa pili. Wanaoitaka Paris wapande TGV, treni ya kasi, ni mwendo wa kama saa mbili tu, waende asubuhi na kurudi jioni.

Nyar_Dunga, Kisumu
Nimeyapeleka yote kwenye grupu ya WhatsApp. Tunakutana Jumapili kuamua, na shangazi tayari anauliza bei ya hiyo tiketi ya lifti.