Mrejesho: watoto na historia ya vita, kumbe tatizo lilikuwa mimi

Habari zenu wakuu, wanaokumbuka niliuliza nifanyeje watoto wa miaka 11 hadi 13 wasisinzie tukisoma Vita Kuu ya Kwanza, nimerudi na mrejesho.

Aliyeniambia niache kuanza na tarehe na mikataba, ubarikiwe sana. Nilianza na njiwa. Cher Ami, njiwa wa jeshi la Marekani, Oktoba 1918 kwenye msitu wa Argonne kule Ufaransa, kikosi kimezingirwa na Wajerumani halafu mizinga ya wenzao wenyewe ndo inawaangukia, inasimuliwa wakamrusha na kikaratasi cha kuomba jamani acheni kupiga, akala risasi na bado akafika, mguu unaning'inia. Kimya! Baadaye wakaanza kuuliza wenyewe mbona hawakupiga simu, walizingirwaje, hapo ndo nikachomekea ramani na hakuna aliyelalamika.

Ile ya Krismasi 1914 nayo, askari wa pande mbili kutoka kwenye mahandaki wakapeana sigara na kuzika maiti zao, nilidhani itaishia kwenye kucheka tu. Binti mmoja akauliza, "sasa kesho yake walianzaje tena kupigana?" Sikuwa na jibu la haraka, tukabishana hadi muda ukaisha.

Kilichogoma ni kuigiza vita, ikawa pa pa pa na vicheko, nikaifuta. Picha za maiti pia nimetoa, mmoja alikosa usingizi. Sasa hivi wanaandika barua kama vile wao ndo askari wako handakini, zingine zinatoa machozi kwa kweli.