REFPROP 9.1 na 10: namba za R134a zimepishana mbali, nifuate ipi?

fundi_baridi: Wakuu habari za jioni. Kuna faili la Excel tumerithi hapa kazini la kupigia hesabu za chumba cha baridi, namba zake zilitolewa REFPROP 9.1 (programu ya kompyuta ya sifa za gesi na vimiminika), sasa mimi nimewekewa toleo la 10 nikajaribu R134a (gesi ya friji) kwenye nyuzi 0, entalpi (nishati iliyomo kwenye kila kilo) ya gesi kwenye saturesheni (yaani inapochemka) inaniletea 398.6 kJ/kg wakati faili linasema 250.45. Tofauti ya 148 jamani si mchezo. Wamebadilisha fomula au hilo faili ndo la kutupa?

Kompresa255: Usitupe kitu mkuu. Hebu angalia na ya kimiminika, bila shaka faili lina 51.86 na la 10 linakupa 200. Sasa toa 51.86 kwenye 250.45, halafu 200 kwenye 398.6, zote zinakuja 198.6 hivi, na friji inafanya kazi kwa hiyo tofauti, haijui habari za namba yenyewe. Ni sifuri tu, yaani pa kuanzia kuhesabu, imewekwa pengine: kwa ASHRAE (chama cha wahandisi wa Marekani) kimiminika ni 0 kwenye nyuzi -40, kwa IIR (taasisi ya kimataifa ya ubaridi) ni 200 kwenye nyuzi 0. Aliyetengeneza faili alichagua ASHRAE, basi.

mkemia_mtaani: Naongezea hapo. Ukitaka kulinganisha matoleo anza na vitu visivyojali sifuri iko wapi, presha na densiti. R134a nyuzi 0 presha ni kama 292.8 kPa, ikihama hapo ndo ushtuke. Pia ingia folda ya FLUIDS ufungue R134A.FLD kwa Notepad, ni maandishi tu, utaona fomula ni ya nani (hii ni Tillner-Roth na Baehr, 1994). Na tafadhali usichukue folda ya zamani ukaibandika kwenye toleo jipya, watu wanafanya hivyo halafu wanasema eti wamelinganisha 😅

fundi_baridi: Duh kweli 51.86 ipo, nimeweka ASHRAE zimekaa sawa. Asanteni sana. Ila tuna na mtambo wa amonia, huko nako ni sifuri tu?

mkemia_mtaani: Amonia hapana, huko fomula yenyewe imebadilika, toleo la 10 la 2018 lina ya Gao na wenzake, hata joto la kritiko (likipita hapo gesi haigeuki tena kimiminika) limetoka 405.40 K likawa 405.56 K. Kwa joto la chumba cha baridi hutaona tofauti ya maana, ila usichukue entalpi ya kuingia kompresa kwenye 9.1 na ya kutoka kwenye 10.