Niliomba mvua iwe ishara, ikanyesha kweli. Niuze shamba la baba?

MamaTumaini:
Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Naombeni ushauri, na mnaolijua Neno mnisaidie kwa Neno, maana nimelia vya kutosha.

Nina miaka 36, nimeolewa, watoto wawili. Marehemu baba aliniachia shamba la chai na migomba huku Tukuyu. Si kubwa, ila ada za watoto zinatoka humo. Mwezi uliopita kwenye mkesha mtumishi mmoja aliniita mbele, akasema Bwana anamwonyesha shamba, na kwamba nikiliachilia kwa kazi ya Mungu nitafunguliwa. Sijawahi kumwambia habari za shamba. Nilitetemeka.

Nikaomba kama Gideoni wa kwenye Biblia, aliyemwomba Mungu ishara kwa ngozi ya kondoo: Bwana, kama neno hili ni lako, mvua inyeshe kabla ya Jumapili saa sita mchana. Jumapili tukiwa kwenye sadaka bati likaanza kulia, mvua kubwa mpaka mhubiri akanyamaza. Wenzangu wanashangilia, mimi mikono imekuwa ya baridi.

Tangu siku hiyo silali. Mnunuzi kaletwa na watu wa huduma hiyohiyo, anataka jibu Ijumaa. Mume wangu hajui lolote. Nikikataa, nitakuwa nimempinga Roho Mtakatifu?

MwalimuJumapili:
Pole sana dada. Hebu rudi Waamuzi 6, ila anzia mstari wa 14, usianzie wa 36. Gideoni alikuwa ameshatumwa na Bwana mwenyewe kabla hajaigusa ile ngozi ya kondoo. Hakuwa anatafuta kujua mapenzi ya Mungu. Alikuwa ameyasikia, akaogopa, na bado akaomba Mungu asimkasirikie kwa kuuliza tena.

Halafu angalia alichoomba. Usiku wa kwanza ngozi ilowe, ardhi iwe kavu. Akakamua umande bakuli zima. Usiku wa pili akageuza, ngozi iwe kavu na ardhi ilowe. Manyoya hushika maji kuliko udongo, kwa hiyo ile ya pili ndiyo ngumu zaidi. Wewe uliomba mvua, Tukuyu, mwezi wa tatu. Nimefundisha huko miaka minne, masika nguo inakaa kambani siku mbili haijakauka. Mvua zote ni za Mungu, na ile pia. Lakini ingenyesha hata usingeomba.

Mwombaji_Usiku:
Naheshimu maelezo ya mwalimu, ila tusimzimishe Roho, 1 Wathesalonike 5:19. Mtumishi kajuaje habari za shamba? Mungu anasema na watu hata leo, mimi ni shahidi. Dada, funga siku tatu, usikimbilie kukataa.

MzeeWaBukoba:
Mwanangu Mwombaji, soma na mstari wa 21 hapohapo: jaribuni mambo yote. Na kujua habari za mtu si kipimo. Matendo 16, kule Filipi, yule kijakazi mwenye pepo wa uaguzi alisema kweli tupu juu ya Paulo siku nyingi. Paulo akamkemea pepo. Waliokasirika ni mabwana zake, kwa kuwa tumaini la faida yao limepotea. Hapo penye faida pasomeni vizuri. Simhukumu mtumishi, simjui.

Mama Tumaini, binti yangu, hofu yako peke yake hainisumbui, hata Gideoni aliogopa. Kinachonisumbua ni siri. Sura hiyohiyo, Paulo aliona maono ya mtu wa Makedonia peke yake usiku, lakini Luka anaandika "tuliona hakika". Aliona mmoja, wakahakikisha wote. Sisi tulilelewa kwenye uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, ukaingia kwetu miaka ya 1930. Wazee wetu walisema tutembee nuruni. Mtu akiwa na deni, akitaka kuoa, akitaka kuuza ng'ombe, alilileta jambo mbele ya ndugu. Wengine walirudishwa nyumbani wakiwa na hasira, lakini sikumbuki jambo la Roho lililoharibika kwa kuwekwa mezani.

Mweleze mume wako leo. Ijumaa si siku ya Mungu, ni ya mnunuzi.

Neema_K:
Ibrahimu alimngoja Isaka miaka 25. Huyo mnunuzi angoje wiki mbili, dada.

MamaTumaini:
Asanteni wapendwa, narudisha majibu. Nilimweleza baba Tumaini usiku wa Jumatano. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mbona umebeba peke yako?" Hakunigombeza. Nililia upya.

Jana tumekwenda kwa mama, Mmoraviani wa siku zote. Alinisikiliza huku anachuma, majani mawili na chipukizi, anatupia kikapuni mgongoni, hakusimama hata mara moja. Nilipomaliza akasema tumwombee huyo mtumishi, tukapiga magoti palepale kwenye matope. Mnunuzi nimemwambia siuzi. Usiku nimelala mpaka jogoo la pili.

Bado naogopa kukutana na mtumishi Jumapili. Nimwambieje?

MzeeWaBukoba:
Nenda na mume wako. Mwambieni mliomba pamoja, na shamba haliuzwi. Akikuombea, pokea. Akikutisha, mnyanyuke mrudi nyumbani.