Je, Katiba inatafuna mila za makabila yetu?

Muuliza swali, Bahi
Habari zenu wanajukwaa. Ukoo wetu ulikaa kikao chini ya mbuyu kugawana ng'ombe na mashamba ya mtama ya marehemu babu. Shangazi alipodai fungu lake na kuitaja Katiba, mzee mmoja alimkatiza akisema hizo ni haki za Wazungu zilizoletwa na mikataba. Shangazi alikung'uta kanga yake, akaondoka bila kuaga. Naomba kueleweshwa: je, utandawazi umeingia ndani ya Katiba, na mila inapogongana nayo mahakama husimama wapi?

Mwanasheria mstaafu, Dodoma mjini
Mzee ana ukweli kiasi. Ibara ya 9(f) inalitaja Tangazo la Dunia kuhusu Haki za Binadamu, lakini Ibara ya 7(2) inazizuia mahakama kutekeleza masharti ya sehemu ya Katiba yenye ibara hiyo, kwa hiyo peke yake haimfikishi shangazi popote. Ngao yake ni Ibara ya 13 inayokataza ubaguzi, iliyomo katika haki za msingi zilizoingizwa mwaka 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Mwaka 1990, katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliisoma ibara hiyo sambamba na mikataba ambayo Tanzania imeridhia, akaitengua mila ya Wahaya iliyomnyima mwanamke haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi. Kwa upande wa mashamba, asome pia kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kinachobatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi.

Mama wa Mvumi
Mwanangu, usidhani mahakama husema neno moja siku zote. Mwaka 2006 wajane wawili wa Shinyanga waliambiwa na Mahakama Kuu kwamba kanuni za urithi zinawabagua kweli, ila mila haibadilishwi kwa hukumu. Rufaa nayo haikuwasaidia, wakapeleka malalamiko kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliona kuwa Tanzania imekiuka haki zao. Kanuni zenyewe ni zile zilizotangazwa kwa maandishi na serikali mwaka 1963. Bibi yangu alisimulia kwamba wazee wa hapa walibishana hata siku mbili, wakiuliza nani alimuuguza marehemu, ndipo wagawe. Hiyo nayo ni mila, na haikutoka ng'ambo.

Muuliza swali, Bahi
Asanteni sana, na Mama, shikamoo. Kikao kinarudi Jumamosi, nami nitakwenda na nakala ya kifungu cha 20. Kwa kuwa kinahusu ardhi tu, kwenye ng'ombe nitaanza na swali la bibi yako, maana shangazi ndiye aliyemuuguza babu miezi minane.