Bibi yuko nyumba ya wazee, nikienda kumuona maneno yananiishia

binti_busia:
Jamani habari zenu. Bibi yangu mzaa mama ana miaka 87, tulikuwa naye Busia lakini tangu aanguke bafuni nyonga ikavunjika hawezi hata kujigeuza kitandani, na sisi wote tunashinda sokoni, basi wajomba wakaamua apelekwe kwa masista huku Kampala. Mimi ndo niko karibu. Naenda Jumapili nakaa masaa matatu, nampa habari za nyumbani dakika kumi zinaisha, yeye anaangalia dirisha mimi naangalia simu. Juzi akanishika sweta akasema "twende nyumbani, mbuzi hazijafungwa". Mbuzi zenyewe tuliuza zamani. Nikamwambia bibi mbuzi hazipo, akalia. Nimerudi kwa taksi nalia na mimi. Nyinyi mnafanyaje?

mama_jinja:
Pole sana mwanangu. Mimi nimemuuguza mama miaka mitatu. Masaa matatu ni mengi kwake, anachoka. Nenda dakika arobaini lakini uende mara mbili kwa wiki, na uende asubuhi akishakunywa uji, maana jioni wengi wanachanganyikiwa zaidi. Halafu usiende mikono mitupu, sisemi zawadi, nasema kazi. Mimi nilikuwa nabeba vaselini na kikata kucha, nakaa upande wa sikio linalosikia, nampaka kidole kimoja kimoja, ngozi imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Hapo ndo alikuwa anaongea. Siku moja akanitajia jina la mtoto aliyemzika kabla mimi sijazaliwa, nyumbani sikuwahi kulisikia.

Ukimpaka miguu angalia visigino, na pale chini ya mgongo. Ukiona pamekuwa pekundu, ukibonyeza rangi haitoki, mwambie sista siku hiyo hiyo, ndo kidonda cha kulala kinaanza hivyo. Asiyeweza kujigeuza lazima ageuzwe kila baada ya masaa machache. Mama yangu pale alipokaa kwanza nilikuta kisigino kimeshaoza na hakuna aliyenipigia simu, mpaka leo inaniuma.

Na hizo mbuzi usimsahihishe. Muulize zilikuwa ngapi.

wa_nateete:
Naongeza moja tu, chakula. Nilimpelekea babu gonja, ile ndizi ya kuchoma anayoipenda, ikampalia, tukaogopa sana. Uliza masista kwanza anameza nini. Babu yuko Nalukolongo hapa Kampala, nyumba ya wazee ya Bakateyamba, pale Kadinali Nsubuga alipoanzisha 1978, na Papa Fransisko alipita 2015. Masista wanategemea misaada, kwa hiyo mimi nikienda nabeba sabuni ya wote, siyo ya babu peke yake, na wazee wenzake sasa wananijua kwa jina. Pia kama hapokei zile shilingi elfu 25 za SAGE za kila mwezi, hela ya serikali ya Uganda kwa wazee, fuatilieni, kwa miaka 87 anastahili, kitambulisho cha taifa kiwe sawa.

binti_busia:
Mama asante, na wewe kaka asante. Leo asubuhi nimeenda na vaselini. Nimemuuliza mbuzi, akasema saba, na ile nyeusi ilikula gomesi yake ya harusi ikiwa kwenye kamba, akacheka mpaka nikaona fizi. Sijamsikia akicheka tangu aanguke. Kisigino cha kushoto kina wekundu, nimemuonyesha sista, ameleta mto akauweka chini ya mguu kisigino kikae hewani. Alhamisi narudi.